Magendo ya Karafuu na Ushuru wa Forodha: Hukumu Yake, na Hali ya Pesa Zilizopatikana kwa Njia Hiyo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kila ukifika msimu wa karafuu, hasa kutoka kwa ndugu zetu wa Pemba, maswali huwa ni yale yale matatu. La kwanza: ushuru wa forodha si ndio ile "maksi" aliyoikemea Mtume (S.A.W), kwa hiyo kuukwepa si dhambi? La pili: karafuu ni zangu, nimezipalilia na kuzianika mwenyewe, kwa nini nisizipeleke penye bei nzuri? La tatu, na hili mara nyingi huulizwa na kina mama na watoto: baba aliuza kwa magendo, tukala na tukajenga, je, nyumba hii ni haramu?

Jibu kwa ufupi ni hili. Magendo hayajuzu, na hoja ya maksi haiyahalalishi. Lakini si kila pesa iliyopitia magendo ni haramu kwa dhati yake. Kuna kosa la njia na kuna uharamu wa mali, na ni lazima vitenganishwe. Yafuatayo ni maelezo yake.

Magendo ni nini

Magendo ni kuingiza au kutoa bidhaa nje ya nchi kwa kukwepa forodha, ima kwa kupita bandari bubu usiku, kuficha mzigo, kutaja bidhaa nyingine au kutaja thamani ya uongo. Kwa hiyo mwenye boti anayevuka usiku na mfanyabiashara anayepita bandari kubwa mchana na karatasi za kughushi wako katika mlango mmoja.

Katika nchi yetu ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, na unasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Sheria inayotumika ni ile ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na umoja wa forodha wa Jumuiya ulianza kazi mwezi Januari 2005. Kwa upande wa ulinzi wa bahari yetu, Zanzibar ina Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM. Tukumbuke kuwa vijana hao hao wa KMKM ndio hukimbilia baharini chombo kinapozama.

Magendo tunayoyajua visiwani ni ya namna tatu. Namna ya kwanza ni kutoa karafuu kwenda ng'ambo. Ya pili ni kuingiza bidhaa za halali, kama mchele, sukari, mafuta ya kupikia na nguo, bila ya kulipa ushuru. Ya tatu ni kupitisha kilicho haramu chenyewe, mfano dawa za kulevya. Hukumu zake zinatofautiana, na tutalirejea hilo mbele.

Kwa nini karafuu, na kwa nini Pemba

Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akawahimiza wenye mashamba waipande. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tokea hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligaiwa kwa wananchi, eka tatu tatu, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), lililoanzishwa mwaka 1968, likawa ndilo mnunuzi.

Mnunuzi akiwa mmoja, bei huwa ni yake. Kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia. Na Pemba iko karibu na mpaka: ukivuka mkondo, ng'ambo ya pili kuna Vanga na Shimoni, kisha Mombasa. Chombo kikiondoka usiku, asubuhi kishafika. Bei ya kule ilipokuwa juu, karafuu zilivuka. Adhabu kali za miaka ya mwanzo hazikuumaliza mchezo huo. Kilichoupunguza sana ni bei. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei ya karafuu za daraja la kwanza hadi shilingi 15,000 kwa kilo, na ikaahidi mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Watu wengi ambao mwaka uliotangulia walikuwa wakisubiri giza walipeleka magunia yao vituoni kwa mguu wao. Aidha, mwaka 2014 ikatungwa Sheria ya Maendeleo ya Karafuu, ambayo imeweka taratibu za zao hili.

Tumeyataja haya ili ijulikane kuwa anayeuliza kuhusu magendo mara nyingi si mwizi. Ni mkulima mwenye dhiki, na anastahiki jibu la elimu kabla ya lawama.

Je, ushuru wa forodha ni maksi?

Ni kweli kuwa zimepokewa hadithi zenye kukemea maksi. Katika Sahihi Muslim, katika kisa cha mwanamke wa Ghamid aliyetubu, Mtume (S.A.W) alieleza ukubwa wa toba yake kwa kusema kuwa lau mtoza maksi angetubu toba kama ile, naye angesamehewa. Na Abu Dawud amepokea kuwa mtoza maksi haingii Peponi. Haya ni makemeo makubwa, na hatutaki kuyapunguza.

Lakini maksi ni nini? Wanazuoni wameieleza kuwa ni kile kilichokuwa kikichukuliwa na wakubwa wa masoko na wa njia katika zama za Jahiliya na watawala madhalimu baada yao: kuchukua mali ya mtu bila ya haki, bila ya kiwango, na kuila wao. Si kila kinachochukuliwa mpakani kimeingia humo. Dalili kubwa ni kitendo cha Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A). Abu Musa Al-Ash'ari (R.A) alimuandikia kuwa wafanyabiashara wa Kiislamu wakiingia nchi za wengine hutozwa fungu la kumi. Umar akaagiza wafanyabiashara wa nchi hizo watozwe vivyo hivyo, yaani asilimia 10, na watu wa dhimma asilimia 5, na Waislamu dirham moja kwa kila arubaini, ambayo ni asilimia 2.5, nayo kwao ni zaka. Masahaba walikuwepo na hawakumpinga. Hata hili neno letu "ushuru" asili yake ni hiyo "ushur" ya Kiarabu, fungu la kumi.

Wala Umar hakuuachia ushuru huo uende ovyo. Bwana mmoja Mkristo wa Bani Taghlib alitozwa na Ziyad bin Hudayr, msimamizi aliyewekwa na Umar. Aliporudi njia ile ile akatakiwa alipe tena. Akaenda kumshtakia Umar, na Umar akaamuru asitozwe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wenye biashara wa visiwani wanaolalamika kuwa mzigo uliokwishalipiwa hapa hutakiwa ulipiwe tena ukifika ng'ambo ya Dar es Salaam, wana pa kuegemea katika kisa hiki. Lakini waangalie pia alichokifanya bwana yule. Alimwendea mwenye mamlaka na kudai haki yake, wala hakutafuta njia ya panya.

Ama kodi zilizozidi juu ya zaka, wanazuoni wakubwa kama Imam Al-Juwayni, Imam Al-Ghazali na Imam Ash-Shatibi wamezijuzisha kwa masharti: kuwe na haja ya kweli ya umma, hazina isitosheleze, mzigo ugaiwe kwa uadilifu, na pesa ziende katika maslahi ya watu. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam aliposhauriwa na Sultani Qutuz wa Misri kuhusu kuchukua mali za raia ili kuwakabili Watatari, kabla ya vita vya Ain Jalut vya mwaka 1260, alikubali kwa sharti kuwa hazina iwe tupu na wakubwa waanze kutoa mapambo yao ya dhahabu.

Kwa hiyo ushuru unaojenga hospitali, skuli na gati si maksi kwa kuitwa ushuru tu. Na unaochukuliwa kwa dhulma, au ukaishia mfukoni mwa mtu, dhambi yake iko juu ya aliyedhulumu. Raia hapewi kwa sababu hiyo ruhusa ya kusema uongo na kuapa uongo. Mtume (S.A.W) alipoulizwa kuhusu watawala watakaojipendelea, alifundisha kuwa tuwape haki iliyo juu yetu, na iliyo yetu tumuombe Mwenyezi Mungu. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim.

"Karafuu ni zangu, kwa nini nipangiwe bei?"

Hapa lazima tuseme kweli, kwani swali hili lina nguvu. Asili katika Uislamu ni kuwa mtu huuza mali yake kwa bei anayoridhia. Bei zilipopanda Madina na watu wakamuomba Mtume (S.A.W) awapangie, alikataa, akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei na kuwa yeye anatarajia kukutana na Mola wake bila ya yeyote kumdai dhulma. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo sahihi ni kuwa mtawala haruhusiwi kuwapangia watu bei. Wanazuoni wengine, kama Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim, wameijuzisha pale maslahi ya watu yanapoilazimisha.

Hata hivyo, maimamu wetu hao hao wa Kishafi hawakuishia hapo. Imam An-Nawawi katika Rawdha ameeleza mambo mawili: kwamba mtawala akishapanga bei, mwenye kumuasi anastahiki kutiwa adabu, na kwamba biashara aliyoifanya, kwa kauli sahihi, ni yenye kusihi. Tizama uadilifu wa fiqhi hii. Anayepanga bei anaambiwa amche Mungu. Anayeasi anaambiwa amekosea. Na mali iliyouzwa inabaki na hukumu ya biashara iliyotimia.

Basi mkulima akiona bei haimtoshi, ana njia zisizo za usiku. Aseme kwa sheha wake, kwa mwakilishi wa jimbo lake na katika jumuiya za wakulima. Taratibu za ununuzi nazo hubadilika, kwa hivyo kila msimu aulize kituoni nini kinaruhusiwa. Pindi ikiruhusiwa kumuuzia mnunuzi mwengine, kumuuzia huyo si magendo tena.

Dhambi zinazofuatana na magendo

Hata anayebaki na shaka juu ya ushuru wenyewe, na ayaangalie haya yanayofuatana nao, kwani hayana shaka.

Kwanza, kuitia nafsi katika maangamizi. Mwenyezi Mungu ametukataza hilo katika Suratul Baqara, aya ya 195. Mkondo wa Pemba una maji ya kina kirefu na mawimbi makali. Chombo cha magendo hupakia kupita kiasi, huondoka gizani bila ya taa, na hakiagi mtu, kwa hiyo kikipata tabu hakuna anayejua wapi pa kukitafuta. Kumpandisha kijana wa miaka kumi na tano ili awe mchukuzi wa magunia ni dhulma ya mzazi kwa mwanawe.

Pili, rushwa. Aya ya 188 ya sura hiyo hiyo inakataza kula mali za watu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili kupata kwa dhambi sehemu ya mali za watu. Na Mtume (S.A.W) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Ni nadra mzigo wa magendo kuvuka bila ya mtu kufumbwa macho.

Tatu, kuwadhuru wengine. Mfanyabiashara aliyelipa ushuru wa sukari yake hawezi kushindana dukani na asiyelipa, na mwenye kuathirika ni yule aliyefuata haki.

Nne, kujificha. Mwenye kuficha mali yake huona tabu hata kuihesabu kwa ajili ya zaka. Na hapa tunatanabahisha jambo ambalo wengi hulichanganya: ushuru wa forodha haumuondolei mtu zaka. Karafuu yenyewe, kwa madhehebu ya Shafi, haina zaka ya mazao kwa kuwa si chakula cha kutegemewa na kuwekwa akiba. Lakini pesa zake zikifika nisabu na zikatimiza mwaka, zaka ni wajibu.

Wajibu wa maafisa na wa wenye mamlaka

Hukumu hii haiko juu ya mkulima peke yake. Mtume (S.A.W) alimtuma Ibnul Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume (S.A.W) alipanda mimbari akauliza, kwa maana, kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemjia. Kila afisa wa forodha na kila askari wa bandarini alipime kwa kipimo hicho analopewa "la chai". Gunia lililokamatwa likapelekwa nyumbani badala ya ghala ni khiyana, na ni nzito zaidi kuliko magendo ya mwenye karafuu. Vile vile haijuzu kumpiga mtu aliyekwishakamatwa, kumtukana mbele ya watoto wake, au kuingia nyumba bila ya idhini ya kisheria.

Nao wenye kupanga bei wajue kuwa mkulima kucheleweshewa pesa zake, au mizani kuibwa, ni miongoni mwa sababu za magendo. Suratul Mutaffifin imetosha kuwa onyo kwa wenye kupunja vipimo.

Pesa zilizokwishapatikana

Sasa tunajibu swali la familia. Tumeligawa kwa hali zake.

*Karafuu za mtu mwenyewe, kauza ng'ambo.* Mali ilikuwa yake, na mnunuzi aliridhia na akalipa. Thamani yake ni halali kwa dhati. Kosa lake ni kuvunja utaratibu na yale yaliyofuatana nao. Inamlazimu toba: aache, ajute, aazimie kutorudia. Nyumba iliyojengwa kwa pesa hizo haiitwi haramu, na watoto waliolelewa humo hawana dhambi.

*Bidhaa za halali zilizoingizwa bila ya ushuru.* Bidhaa na faida ni mali yake. Tunaloliona ni kuwa ile sehemu ya ushuru wa haki aliyoizuia ni haki ya umma iliyobaki juu yake. Akiweza kuilipa kwa njia rasmi, ailipe. Akishindwa, atoe kiasi hicho katika jambo la umma, kama kisima, dawa za kituo cha afya au madawati ya skuli, bila ya kutaja jina lake.

*Karafuu zilizoibiwa, za mayatima, au za washirika wasiopewa fungu lao.* Hapa toba peke yake haitoshi. Pesa zirudi kwa wenyewe au warithi wao. Wachumaji ambao hawakulipwa ujira wao wanaingia hapa, hata kama deni ni la miaka kumi iliyopita.

*Vitu vya haramu.* Biashara ya dawa za kulevya ni batili tangu mwanzo. Pesa zake si mali ya halali, na mwenye nazo inamlazimu ajitoe nazo zote katika maslahi ya umma, asitarajie thawabu za sadaka kwa kuzitoa.

*Nahodha na wachukuzi.* Haijuzu kukodiwa kwa kazi hiyo. Aliyefanya kwa kutojua mzigo ni wa nini, ujira wake ni halali. Aliyejua, na atubu na aiache kazi. Ikiwa mzigo wenyewe ulikuwa haramu, ajitoe na ujira huo.

*Baba aliyekwishafariki.* Warithi wasianze kuchimbua yasiyojulikana. Wakijua kwa yakini kuwa kuna haki ya mtu fulani, waitoe kabla ya kugawa mirathi, kwani deni hutangulia. Wasipojua, asili ya mali iliyo mkononi mwa Muislamu ni yake. Wamuombee maghufira na wala wasimtaje kwa ubaya.

Nasaha kwa familia

Kabla ya msimu, mume na mke wakae wahesabu: karafuu zinatarajiwa kiasi gani, wachumaji watalipwa nini, kuna madeni gani. Wengi huingia katika magendo kwa sababu waliuza karafuu zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, kisha wakataka kuifidia hasara usiku mmoja. Karafuu zianikwe vizuri juu ya majamvi, zitolewe makonyo, ili zipate daraja la kwanza. Faida hii haina hatari yoyote. Mtu akitaka kuhamisha mzigo, aulize mapema kwa sheha na kituo cha ununuzi kuhusu kibali. Na mama akimuona mwanawe anatoka usiku kwenda pwani asikoeleza, amuulize. Kuulizwa leo ni bora kuliko kutafutwa kesho.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, awape wenye mamlaka uadilifu na wakulima wetu baraka katika jasho lao.

Wallahu a'alam.